Kipa Wetu na Mama Mkwe wa Sekenke

Niliondoka Tunduma kwa sababu ya simu ya Juma. Tulikulia pamoja Kiomboi, na sasa yeye ndiye kocha wa timu ya mtaa wetu.

"Kaka, rudi," aliniambia. "Mzee Kitundu anautaka uwanja wake. Amesema tusipochukua kombe la mtoano mwaka huu, analima alizeti."

Uwanja ule ni wa ukoo wake. Alituazima tangu niko darasa la tatu. Nimeishi miji sita, na sijawahi kuota mji wowote kati ya hiyo. Uwanja ule nauota. Nikafunga begi.

Siku mbili njiani. Itigi basi liliharibika, tukashinda juani mpaka saa kumi, fundi akizunguka kuomba bisibisi kwa abiria. Fundi gani husafiri bila bisibisi? Nikalala Singida, na kesho yake saa nne asubuhi nikawa Kiomboi.

Mechi ya kwanza, nyumbani, ilichelewa kwa sababu chokaa ya kuchorea mistari ilikuwa imeishia kwenye ukuta wa nyumba ya katibu wetu. Tukachora kwa majivu. Tulishinda mawili kwa moja.

Ugenini Mwankoko, raundi ya pili, wachezaji wetu wanne hawakutokea. Walikuwa wanavuna vitunguu. Juma akanitazama.

"Usiniangalie," nikamwambia. "Nina miaka arobaini na nne."

Nilicheza. Beki wao alijifunga, tukapita, na goti langu halijapona hadi leo.

Sekenke, nusu fainali, tuliteremka mlima kwa Fuso. Dakika tisini ziliisha kwa sare ya bao moja kwa moja, tukaingia kwenye penalti. Sasa, kipa wetu Elia alikuwa ameoa Sekenke miezi michache nyuma, na wenyeji walilijua hilo. Kabla ya penalti ya kwanza wakamleta mama mkwe wake, wakamkalisha kwenye kiti nyuma ya goli.

Elia alimwona, akaganda. Kwetu mama mkwe unampisha njia, macho chini. Kipa anayesubiri penalti huinama, na anayebaki nyuma yake huona anachokiona.

"Kocha, naomba suruali ndefu!"

"Suruali ya nini? Daka mpira!"

"Siwezi kumwinamia mama namna hii."

Refa akasema hana sheria ya kumwondoa mtazamaji aliyetulia. Mama mwenyewe akapaza sauti, "Endelea tu, mwanangu, nimefumba macho!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Elia alisimama wima, ubavu ubavu, mikono mbele, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Penalti tano zote zikapita. Sisi tulikosa moja.

Kwenye Fuso hakuna aliyemsemesha isipokuwa mimi, tena vibaya. "Umetupotezea uwanja kwa ajili ya adabu?"

"Kaka," alijibu taratibu, "wewe utaondoka. Mimi Krismasi nakula kwa yule mama."

Kesho yake mimi na Juma tulikwenda kwa Mzee Kitundu. Tulimwamkia shikamoo, tukamweleza kila kitu, tukitumaini atatuonea huruma. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kijana yule amelelewa," alisema. "Heshima nimeiona. Kombe sijaliona."

Mvua ya kwanza iliponyesha, ng'ombe wa kulimia waliingia uwanjani asubuhi. Juma aling'oa magoli, na Elia akamsaidia kubeba miti. Walikuwa wanabishana kuhusu mahali pa kuomba uwanja mwingine, tayari wakitaniana. Niliona jembe likipita katikati, nikachukua begi langu nikaenda stendi. Sijarudi tena.

Njia nzima hadi Singida nilikuwa nimemkasirikia Elia, kisha nikaona sina haki. Yeye aliupoteza uwanja na bado ana pa kwenda Krismasi. Mimi Kiomboi nilikuwa na uwanja tu.