Mafundi Wasiouliza Kitu

Mwanangu, kila nikisikia kijana anatafuta kampuni ya kumtengenezea mfumo wa kompyuta, naikumbuka asubuhi moja ya mavuno pale Hombolo, na bado naona aibu kidogo.

Nilikuwa katibu wa chama chetu cha wakulima wa zabibu, kijana mwenye cheti kipya na maneno mengi. Wazee wakanituma nitafute watu wa kututengenezea mfumo wa kupokea zabibu. Nikaenda mjini, nikakaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, nikaonyeshwa picha ukutani. Kila nilichotaka, walisema kinawezekana. Kwa saa mbili hawakuniuliza hata swali moja, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani huo ndio utaalamu. Nikasaini siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza ya mavuno tukawasha kompyuta. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bibi Mbeleje, mjane, na kreti zake sita. Mfumo ukadai namba ya simu. Bibi hakuwa na simu, wala hakuwahi kuwa nayo. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, ukagoma. Nikawapigia wale mafundi, wakaniambia niandike barua pepe. Foleni ikarefuka, jua likapanda, maji ya zabibu yakaanza kuvuja kwenye kreti, na nyuki wakaja. Ilikuwa jasho la watu la msimu mzima, linaharibika mbele ya macho yangu.

Hapo Mzee Ndahani, mpimaji wetu, akanivuta nyuma ya lori lililokuja kubeba zabibu. Hakupandisha sauti.

"Hao watu wako walikuuliza nini?"

Nikamjibu hawakuuliza kitu.

"Mimi nikitaka kumjengea mtu zizi, namuuliza ana ng'ombe wangapi. Zima hilo, tupime zabibu za watu."

Tukapima kwa kalamu na karatasi kama zamani, na kreti za Bibi Mbeleje zikaliwahi lori. Mzee hakunisema mbele ya wakulima, wala kwenye mkutano. Kwa hilo namshukuru mpaka kesho.

Msimu uliofuata tulitafuta wengine, safari hii yeye akiwa pembeni yangu. Akaja binti mmoja na mwenzake, ofisi yao chumba kimoja tu. Kabla ya kuandika chochote aliomba kushinda nasi kwenye mizani. Akamwamkia Mzee shikamoo, kisha akamuuliza akikosea kupima huwa anasahihishaje. Mzee akacheka sana, maana kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi nilitaka mbwembwe mbili tatu kwenye mfumo, binti akaniambia hatuzihitaji. Kazi yake tunaitumia hadi leo, na tukikwama, anapokea simu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitafuta watu wa kazi hiyo, usivutwe na majibu yao. Wapeleke kazi inapofanyika, uwakutanishe na anayeishika kwa mikono yake, halafu unyamaze usikilize wanauliza nini. Asiyeuliza, mshukuru kwa chai yake uondoke. Anayekuambia hapana, usimkimbie.

Mungu akubarikie biashara yako, akupe mafundi wenye maswali. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akupe mtu wa kukuvuta nyuma ya lori.