Makopa ya Devota na Joto la Kompyuta

Mvua inapiga bati tangu alfajiri hapa Milola, lakini Devota Chilumba anaanika muhogo. Anapanga vipande vyeupe juu ya chanja ya mianzi, ndani ya chumba kinachonguruma kama mashine ya kusaga.

Ukutani zimejipanga kompyuta za Majid Pazi, kijana kutoka Lindi mjini. Zinachimba sarafu za mtandaoni: zinapiga hesabu mchana na usiku, zinakula umeme mwingi na kutoa hewa ya moto. Hewa hiyo ndiyo inayokausha makopa ya Devota, yaani vipande hivyo vya muhogo vya kusagia unga.

"Zamani masika makopa yangu yalikuwa yanaota ukungu, nawapa kuku," anasema. "Na kuku nao wanachagua."

Mwanzoni mambo yalikwenda kombo. Majid alitumia jenereta ya dizeli, moshi ukaingia chumbani. Wateja walirudisha makopa wakilalamika kwamba ugali unanuka gari. Devota hakugombana. Alisonga ugali wa unga wa makopa yaleyale, akampelekea Majid pamoja na kisamvu.

"Nikamwambia, karibu mwanangu, ule umeme wako."

Majid anakiri kwamba alimeza tonge moja tu. "La pili lilikataa," anasema. "Watu walishalalamikia moshi na kelele, nikawaona wana wivu. Ugali wa Mama ulinishinda kubishana nao."

Jenereta ameiuza. Sasa anatumia mtambo mdogo wa kijiji wa umeme wa maji, uliopo kwenye kijito kinachoshuka kutoka nyanda za juu za Rondo. Kijiji kilimpa sharti: nyumba na zahanati kwanza, kompyuta baadaye. Masika maji ni mengi, umeme unabaki. Kiangazi kijito kikipungua, Majid anazima kompyuta, na Devota anatoa chanja yake nje, juani.

Chanja hiyo aliitengeneza marehemu mumewe, Cletus. Mguu mmoja ni mfupi. Mafundi wamejitolea kuurekebisha, yeye anakataa; ameuwekea jiwe.

Kinachomnyima raha sasa ni miti inayokatwa kwenye chanzo cha kijito ili kufungua mashamba. Jumamosi yeye na wanawake wenzake watapanda mikuyu huko. Majid ameshaambiwa aje na jembe, na asije na viatu vya mjini.

"Maji yakikauka, kompyuta zake zitakuwa makabati," anasema Devota, akigeuza kipande cha muhogo. "Nami nitarudi kuwabembeleza kuku."