Mkwe Wangu na Mchezo wa Saa Kumi na Moja

Mke wangu alipofariki, mama yake alibaki nyumbani kwangu, mtaa wa Shika Adabu, Likoni. Alikuwa amekuja kwa wiki mbili kumuuguza mwanawe, akakaa miezi minane. Siku ile ile ya mazishi, tukiwa bado tuna udongo miguuni, shemeji yangu aliniambia, "Arobaini ikishasomwa nitakuja nimchukue mama nimrudishe kwetu." Nikasema sawa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka aende, nami sikusema. Nilitaka akae. Lakini mwanamume hamwambii hivyo mama mkwe wake.

Wakwe zangu ni wakulima wa kusini, Waislamu wa siku nyingi, na kwao mkwe huonewa haya. Dini haina tatizo. Nilimuuliza mwalimu wa msikitini, akanijibu kuwa mama mkwe ni maharimu wako, huwezi kumwoa milele, hata mke akifa. Kuona haya ni jambo lingine. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kula sahani moja na mama yule, na nikikutana naye njiani nilipisha pembeni nikainamisha kichwa. Tukiwa na neno, tulimpitishia mke wangu.

"Mwambie mumeo chai yapoa."

"Mwambie mama naja."

Na tulikuwa tumekaa hatua tatu tu, kila mmoja anamsikia mwenzake. Mke wangu alichoka. "Mimi si posta," alikuwa akisema. "Siku nikifa mtaandikiana barua."

Sebule yetu ni ndogo. Mimi hukaa kwenye kiti karibu na mlango. Mama alikaa kwenye mkeka chini ya dirisha. Katikati lilikuwepo kochi, na mke wangu alikuwa juu yake, kwanza ameketi, halafu miezi ya mwisho amelala. Siku alizorudi kutoka hospitali kusafishwa damu, kwa sababu ya figo, hakuwa na nguvu ya kitu chochote ila kutazama televisheni, basi sote tulitazama alichotazama yeye. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, sijui kusifu filamu kama wanavyozisifu wengine. Naweza kusema tu nilichokiona.

Filamu za Kihindi za Jumapili ni ndefu mno, lakini angalau watu wake wanalia vizuri. Ule mchezo unaojidai kuwa wa Waswahili wa Pwani, siupendi. Watu wa Bara wamevalishwa mabuibui na kanzu, wanaingia nyumba za watu bila hodi, na kijana anamkuta mzee amekaa hamwamkii. Mama alikuwa akiwagombeza. "Hebu mwambie huyo atoke arudi tena, aseme hodi!" Tamthilia ya Kituruki ya saa kumi na moja jioni, iliyotiwa sauti za Kiswahili, hiyo ndiyo waliyoipenda wote wawili. Hadithi yake ni ya tajiri mmoja na ndugu zake wanaogombania nyumba. Kiswahili chake ni safi lakini hakina chumvi. Mtu amesalitiwa, amesimama mvuani, anasema, "Umenivunja moyo sana, tafadhali ondoka." Mke wangu akasema, "Tafadhali ya nini? Amfukuze!"

Shida ilikuwa mabusu. Kutazama busu na mama mkwe wako chumba kimoja ni adhabu. Kazi ya rimoti ilikuwa yangu. Nilijifunza kuliona busu kabla halijafika. Muziki unalegea, watu wanaacha kusema, mmoja anatazama mdomo wa mwenzake. Hapo nahamia taarifa ya habari, nahesabu moyoni mpaka ishirini, narudi. Mke wangu alicheka kila mara. Alisema kwa sababu yangu hajui mpaka leo kama wale wawili walipatana.

Kitu kimoja sitawasamehe watu wa filamu. Mgonjwa wao hufa na maneno. Anashika mkono wa mumewe, anasema mambo marefu, anafumba macho, nywele zake zimechanwa. Mke wangu hakusema neno kwa siku nne za mwisho. Alikuwa amevimba uso. Neno lake la mwisho kwangu alilisema Jumatatu: aliniomba nisogeze feni. Nimelitafuta neno jingine baada ya hilo, na sikulipata.

Baada ya mazishi televisheni ilifunikwa kwa leso. Jirani mmoja ndiye aliyeifunika, kabla hata sijarudi kutoka makaburini. Watu walikaa siku tatu, wakaondoka, tukabaki wawili. Nilirudi kazini bandarini, Kipevu, ambako kazi yangu ni kufunga na kufungua vyuma vinavyoshika makontena. Zamu ya asubuhi ikiisha nilikuwa nikivuka feri na kufika nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Nilikuta chai kwenye chupa na chakula kimefunikwa, na mama yuko chumbani. Sikumwona. Nilisikia tu tasbihi yake.

Mtu wa kupitishia maneno hakuwepo tena, basi mama alianza kusema na nyumba. Alisimama ukumbini akauambia ukuta, "Unga umekwisha." Nikaleta unga. Mimi nikaliambia dirisha, "Kesho zamu yangu ni ya mchana." Akaweka chakula mapema. Tuliishi hivyo karibu wiki mbili, na sisemi kwa kuchekesha. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kuona kuwa ni sawa tu.

Siku moja nikarudi nikakuta leso imekunjwa, iko juu ya meza. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, amegeuka upande. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika chache. Akauambia mkeka, "Yule tajiri sijui alimpata mdogo wake au hakumpata." Nikawasha.

Tukatazama. Kochi lilikuwa tupu, sote tulilikwepa kwa macho. Kesho yake tukatazama tena. Baada ya siku chache nikawa nahesabu saa nikiwa kazini, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mke wangu alipokuwa hai, nami naona aibu kulikiri.

Kisha ikaja ile siku ya betri. Tajiri alikuwa bustanini na mwanamke mgeni. Muziki ukalegea. Nikabonyeza rimoti, haikufanya kitu. Nikaipiga kwenye goti, nikatoa betri nikazing'ata, nikazirudisha. Wale wawili walikuwa wanasogeleana. Mama alikwisha kujitanda leso kichwa kizima. Sikuona njia nyingine, nikainuka nikasimama mbele ya televisheni, mgongo kwenye kioo, mikono nimeitandaza kama anayezuia kuku.

Nyuma yangu muziki uliendelea. Sijui nilisimama dakika ngapi. Halafu nikasikia sauti chini ya leso.

"Wamemaliza?"

"Sijui, mama. Nimewapa mgongo."

"Mimi nawaona," akasema. "Mkwe mwembamba huyu, hata busu hawezi kulizuia."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, leso ikimtetemeka kichwani, na mimi nikacheka, na kicheko changu kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Naye akalia. Hatukutazamana. Alikuwa amenisemesha mimi, si ukuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaja hilo.

Tangu siku hiyo tulizungumza, ila macho yakiwa kwenye televisheni. Ilikuwa rahisi hivyo. Aliniambia chumvi yangu nyingi siku nilipopika mimi. Aliniambia mwanawe alipokuwa mdogo alikuwa mwizi wa sukari. Nilimwambia jinsi mke wangu alivyonikataa mara mbili kabla hajanikubali. "Mara tatu," mama akasema. "Ya tatu alikuja kuniuliza mimi, nikamwambia akukubali, la sivyo atanichosha na hadithi zako."

Arobaini ilikuwa inakaribia. Shemeji alipiga simu kuuliza kama mama amefunga mizigo. Nikasema nitamuuliza, nikakata simu, sikumuuliza. Nilitaka yeye mwenyewe aseme kuwa haendi.

Mchezo ndio ulioanzisha neno. Ikatokea kuwa tajiri yule alikuwa na mke aliyekufa zamani, na mama wa mke huyo bado anaishi kwenye jumba lake, anapita vyumbani na nguo nyeusi, anawachukia wote wanaoingia. Mama alimtazama kwa muda.

"Mwangalie huyu," akasema. "Mwanawe kafa, yeye bado yumo. Yuwangoja nini? Amwone atakayelala kitanda cha mwanawe?"

Nikajibu, "Pengine mwenye nyumba ndiye anayemtaka akae."

"Amtaka leo. Na mwaka ujao?"

"Pengine mwaka ujao pia."

"Hao Waturuki wana vyumba kumi na viwili. Waweza kukaa mwaka wasionane."

Nilijua hatuongei juu ya Waturuki. Nilijua pia kuwa nikiwaacha wao wanisemee, arobaini itapita na shemeji atafika na gari, na mimi nitakuwa nimetoa maoni tu kuhusu mchezo. Matangazo ya sabuni yakaingia. Nikapunguza sauti. Nikageuka nikamtazama mama mkwe wangu usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Ana macho ya mwanawe. Sikuwahi kujua.

"Mama, mimi sisemi juu ya hao. Nakuomba ukae. Nyumba hii ni yako. Shemeji nitazungumza naye mimi."

Hakushtuka. Alikunja pindo la leso, akalikunjua.

"Watu watasema," akasema.

"Mwalimu amesema hakuna ubaya."

"Najua hakuna ubaya. Ningekuwa naogopa watu ningekwenda siku ya nne." Akaliacha pindo. "Wewe wasema kweli sana, na mimi nitakwambia kweli. Usikasirike."

"Sikasiriki."

"Kila nikuonapo kwenye kiti hicho, namwona mwanangu hayupo hapo katikati. Kila siku. Nikipika, nakupikia wewe, nakumbuka kwamba napika kwa sababu yeye hawezi. Nyumbani kwangu kuna mihogo, kuna kuku, kuna wajukuu wenye kelele. Huko naweza kusahau mpaka adhuhuri. Hapa sisahau hata dakika moja."

Nikasema, "Mimi pia sisahau."

"Ndiyo. Sasa twakumbushana tu. Wewe ni mkwe mzuri, wallahi. Lakini nimechoka kukuona."

Sijawahi kuambiwa neno zito kama hilo na mtu anayenipenda. Na lilikuwa kweli. Nilitaka kumjibu kuwa mimi sichoki kumwona, nikashindwa, kwa sababu si kweli. Kulikuwa na asubuhi nilisikia kikohozi chake nikadhani ni cha mke wangu, nikainuka kitandani nusu, kisha nikamchukia kwa kuwa si yeye. Nikamwambia hilo. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari anayoijua.

Mchezo ukarudi. Hatukuongeza sauti. Tuliwatazama wale watu wakifungua na kufunga vinywa vyao mpaka mwisho.

Hitima ya arobaini ilisomwa Ijumaa baada ya swala. Watu walikula, wakatuombea, wakatawanyika. Jumamosi asubuhi shemeji alikuja na gari la kuazima. Nilibeba mizigo ya mama mimi mwenyewe: kapu, mkeka wake, na mfuko wa nguo za mke wangu ambazo nilimwambia achague. Alichagua chache. Zilizobaki alizikunja upya akazirudisha kabatini, akasema nitazitoa nikiwa tayari, si kabla. Kabla ya kuingia garini aliniambia mbele ya mwanawe, "Kila mwisho wa mwezi uje ule chakula. Usije na kitu. Njoo na mdomo."

Shemeji alitutazama. Hakuwahi kuona tukisemezana.

Gari lilipoondoka, nilipumua. Niliingia ndani nikavua shati nikalala sakafuni katikati ya sebule, kitu ambacho sikuweza kukifanya kwa miezi minane, nikalala mpaka alasiri. Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya na nikajuta kupumua.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nilikwenda. Alinipikia wali wa nazi na samaki, tukala yeye na wajukuu ndani, mimi na shemeji barazani, kama desturi. Alinipigia kelele kutoka ndani kuniuliza kama yule bibi wa nguo nyeusi amefukuzwa. Nikamwambia bado. Mwezi wa pili nilikwenda. Kaburi la mke wangu liko Likoni, si kule, lakini kila kona ya boma lile ina utoto wake ndani, na nilirudi nyumbani miguu ikiwa mizito.

Mwezi wa tatu nilimpigia simu nikasema nimepewa zamu. Akasema sawa, Mungu akusaidie. Sikuwa na zamu. Nilikaa kitini siku nzima, sikuwasha televisheni, sikutoka. Jioni nilishindwa kuubeba uongo ule mdogo, nikampigia tena.

"Mama, sikuwa na zamu. Sikuweza kuja tu."

Nikasikia kuku nyuma yake na mtoto anayeitwa aoge.

"Na mimi uliponiambia huji," akasema, "nilishukuru. Sikupika chochote. Tumekula mihogo ya jana."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Utakuja mwezi mwingine?" akaniuliza.

"Nitakuja, inshallah."

"Ukiweza," akasema. "Nikiweza nitapika."