Linki ya Mjukuu Haifunguki, na Jumapili Mshenga Anaenda

Admin, jina langu lifunike vizuri, maana hapa Sumbawanga najulikana kuliko stendi. Nina miaka 23, kidato cha pili mimi na shule tuliachana kwa amani. Natengeneza simu sokoni, na kompyuta nazijua kwa kuzishikashika. Mkitaka kucheka chekeni, ila msaada nautaka.

Nina mchumba kule mtaa wa Kasense, akitabasamu nasahau hadi simu ya mteja ni ipi. Baba yake ni karani mstaafu, mtu wa kanisa, ana kompyuta aliyopewa na mwanawe anayesoma nje. Huyo mwana kapata mtoto huko, na picha anazituma kwenye imeili kwa linki. Mzee akibofya, inafunguka ile brauza ya zamani yenye alama ya e ya bluu, inazunguka wee, mwisho ukurasa mweupe. Binti akamwambia baba yake kuna mtaalamu. Mtaalamu ndiye mimi.

Nikaenda, nikatoa shikamoo ya kuinama, nikamwambia, "Mzee, dakika mbili tu." Nikamwekea brauza ninayoitumia mimi, ile yenye picha ya mbweha, inakimbia hatari. Lakini programu ya imeili ikanigomea, kila linki inarudi kwa e ya bluu. Nikaona inanidhalilisha mbele ya mkwe. Nikaifuta kabisa ile e, nikijua linki zikikosa pa kwenda zitakuja zenyewe kwa mbweha.

Hazikuja. Sasa ukibofya kinatokea kiboksi cha Kiingereza. Mzee akanitafsiria taratibu kwamba kuna kizuizi, muone msimamizi wa kompyuta hii. Akavua miwani, akaniuliza msimamizi ni nani. Jamani, si ndiye mimi.

Linki yenyewe imeandikwa "bofya hapa". Nikayaandika maneno hayo kwenye mbweha, nikaletewa matangazo ya viatu.

Sasa sisi ni wafugaji, tulihamia huku na ng'ombe wetu, na baba mdogo ndiye mshenga wangu. Ilishapangwa aende Jumapili baada ya misa. Nikamwomba mzee tusogeze mbele kidogo.

"Mwache aje," akasema. "Ng'ombe wenu sijawakataa. Ila kabla hajataja jina la binti yangu, anifungulie kwanza mjukuu wangu."

Nilipomweleza baba mdogo akacheka, akasema ataongeza mtamba mmoja mambo yaishe. Hajawahi kushika mausi ya kompyuta tangu azaliwe. Binti naye kanitumia meseji moja, "Si ulisema dakika mbili?"

Jana nimepita kwao. Nimemkuta mzee kavaa miwani, anabofya, kiboksi kinakuja, anakifunga, anabofya tena. Wala hakunigombeza, kanisogezea kiti tu. Bora angenifukuza.

Ndugu zangu, wenye kujua mnieleze kwa Kiswahili, hiyo imeili naielekezaje kwa mbweha? Au nianze kumfundisha baba mdogo kompyuta? Nifanyeje mimi, Jumapili ndiyo hiyo.