Mawe ya Okbun Hayana Haraka

Sakafu ya Okbun ilikuwa kongwe kuliko kijiji kizima, na mwenyewe hakuchoka kuisifu. Aliapa kwamba mwaka ule theluji ilipofunika mapaa, kuku wake walitagia chumbani mayai yaliyokwisha kuchemka. Ukimbishia, atakuonyesha kuku.

Haikuwa na uchawi wowote. Nje ukutani mdomo wa jiko, chini ya chumba mifereji ya moshi, juu ya mifereji mawe bapa, juu ya mawe udongo, na juu kabisa karatasi nene ya kupakwa mafuta. Moto unaingia upande huu, moshi unatokea dohani upande ule, na katikati mtu analala kama mfalme.

Tatizo ni kwamba msimu wa baridi uliopita mfalme alikohoa kwa moshi hadi machozi. Basi majani ya mlimani yalipoanza kuwa mekundu, mwanawe Gwangsik alipiga simu kutoka mjini Wonju.

"Mama, mawe hayo tuyang'oe. Tumwage saruji, tuweke mabomba ya maji moto na boila la kuyachemsha. Utabonyeza tu kidude."

"Njoo Jumamosi uikalie sakafu kwanza," Okbun alimjibu. "Ukikuta baridi au moshi, vunja. Ukikuta joto, boila usilitaje tena mpaka mnizike."

"Haya, tumekubaliana."

Okbun alikata simu. Juu ya mawe yale alizaliwa Gwangsik na juu yake alikata roho mumewe. Na zilibaki siku sita tu.

Kesho yake alitia upawa mrefu ndani ya mifereji, akakokota masizi. Chini ya dohani peke yake alitoa magunia mawili, na kama utamwamini, paka mmoja aliyepotea tangu enzi za mama mkwe wake. Kisha akabandua karatasi yote ya zamani, akamwita jirani yake Bunrye, akamwambia apige magoti chumbani. Yeye akabaki nje, akawasha majani mabichi ya msonobari ili moshi uwe mzito.

"Unaona nini huko?"

"We Mama Gwangsik! Hii ni sakafu au chujio?"

"Kila unapouona moshi, weka punje ya soya. Usiweke maneno!"

"Soya zimekwisha! Lete debe!"

Walihesabu punje ishirini na tatu. Okbun alikanda udongo na majani makavu ya mpunga yaliyokatwakatwa, akaziba nyufa moja moja kwa kidole gumba, akila kila punje aliyoiokota. Alikausha kwa moto mdogo siku mbili. Akabandika karatasi mpya kwa uji wa unga, halafu akafunga soya zilizosagwa na mafuta ndani ya kitambaa, akaisugua karatasi hadi ikang'aa kama kipara cha padri.

Jumamosi Gwangsik alifika kabla ya adhuhuri. Okbun aliwasha magogo matatu, akajifunga kitambaa kichwani.

"Mimi na Bunrye tunakwenda kung'oa figili kabla baridi ya sakitu haijazigandisha. Jiko usiliguse."

"Ndiyo, Mama."

Walirudi jua likielekea mlimani, na Okbun akaona dohani ikifoka kama garimoshi. Akatupia jicho rundo la kuni. Kuni za wiki nzima zilikuwa zimetoweka.

Gwangsik alikuwa barazani, uso umemshuka. "Usihuzunike, Mama. Sakafu imekufa. Niliishika baada ya saa nzima, baridi. Nikaongeza kuni kidogo ili usiaibike. Nikaongeza tena."

Okbun alimtazama. Kumbe mtoto alikuwa akifanya hila ili mamaye ashinde! Miaka thelathini ya kubonyeza vidude ilikuwa imemsahaulisha kwamba mawe hayana haraka: hunywa moto taratibu, kisha huutapika wote. Angeweza kumwambia. Hakumwambia.

"Pole, mwanangu. Ingia tule. Kaa pale karibu na moto, mahali pa heshima."

Supu ya soya ilikuwa haijafika mezani Gwangsik alipohamia kalio la kushoto. Akahamia la kulia. Akachuchumaa. Mwishowe aliruka, akatoka nje na soksi mkononi.

"Maiti gani huyo aunguzaye makalio?" Okbun alimfokea kwa kicheko. Bunrye alikuwa ameshikilia nguzo asianguke.

Ikabidi wale barazani, wamevaa makoti, pumzi zao zikitoa mvuke.

"Karatasi yako mpya imeungua, Mama," Gwangsik alisema kinyonge. Kweli, penye heshima palikuwa na doa jeusi kubwa kama sinia.

"Achana na karatasi. Nusa."

Mama na mwana waliinama mlangoni, pua chini. Harufu ya soya iliyokaangwa tu. Moshi hata wa kumwaga chozi moja haukuwapo.

"Haya?" Okbun aliuliza.

"Haya basi, silitaji tena."

"Hutaji nini?"

"Boila, Mama."

"Si ndiyo umelitaja!"

Gwangsik alicheka mpaka supu ikamwagika. Akavua koti, akachukua shoka bila kuambiwa, akapasua kuni hadi giza likamkataza.

Asubuhi Okbun alimkuta angali usingizini, amejitandaza katikati ya chumba mahali joto lilipotulia, mdomo wazi. Akamzunguka polepole, akaenda kuzoa majivu ya kurutubisha tuta la vitunguu.