Nyumba Nzuri Nje ya Mji

Mjini walimwita Bi Vitana, kwa vile hakukosa kitana nywelini hata akienda msibani. Alikuwa msusi, na chumba chake cha kusukia hakikujua ukimya: huyu anamsengenya mume, yule anacheka mpaka kichwa kinaponyoka mikononi mwa msusi.

Mumewe, mpima ardhi, alipostaafu akajenga nje ya mji. "Tumechoka na makelele," alisema. Bi Vitana hakuwa amechoka na chochote, ila hakuulizwa.

Nyumba ilikuwa nzuri, hilo hakulikana. Lakini duka lilikuwa mwendo wa gari, zahanati mwendo wa gari, na majirani uliwaona wakipita tu, vioo juu, wakikuachia vumbi. Wateja wake walikuja mwanzoni, wawili watatu, wakalalamikia njia, wakakoma.

"Nifundishe kuendesha," alimwomba mumewe.

"Wewe? Gari si sufuria, mama."

Akaomba na kuomba, mpaka aibu ikamshika. Shoga yake wa tangu usichana, muuza vitambaa, alipofariki, gari lilikuwa gereji. "Utakwenda kutoa pole likitengemaa," mumewe alisema, huku akitafuta stesheni ya redio. Walimzika bila yeye. Na gari lilipotengemaa, safari ikawa ya kesho na kesho kutwa.

Kisha macho ya mzee yakaingia ukungu. Mchana kweupe aligonga nguzo ya geti lake mwenyewe, na daktari akamkataza usukani.

"Mke wangu," alisema jioni ile, kwa sauti ya mtu anayeposa, "ujifunze basi. Tutakufa humu ndani."

Bi Vitana akafundishwa na muuguzi wa nyumba ya tatu, ingawa magoti yake mwenyewe yalishakuwa mabovu kwa uzee, mpaka akapata leseni. Mzee, ambaye hakuona hata pua ya gari, alikaa kando akifoka kila kona.

Siku ya kliniki ya macho alimwacha mzee kwenye foleni, akaenda mtaa wake wa zamani. Chumba cha kusukia sasa kiliuza simu. "Karibu, bibi, unatafuta kava?" kijana wa pale alimuuliza. Akaondoka, akabisha kwa marehemu muuza vitambaa. Binti yake alifungua, akamwamkia vizuri, lakini hakumpisha mlangoni.

"Mama alikuulizia mpaka siku ya mwisho. Tukamwambia mko mbali."

"Si mbali, mwanangu," Bi Vitana alisema. "Nimetoka huko asubuhi hii, nimepitia kliniki, na bado nimefika."

Binti akatazama chini.

Aliporudi kliniki, mzee alikuwa amevimba kwa hasira. "Ulikuwa wapi? Umeniacha hapa kama mzigo!"

"Umekaa asubuhi moja tu," alimjibu, akimfunga mkanda garini. "Mimi ulinikalisha mpaka watu wangu wakaisha."

Bi Vitana akawasha gari na kuendesha taratibu. Kule nyumbani hakukuwa na mtu wa kuwahi.