Waya Usio na Maneno

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Opereta kwa wakubwa na wadogo, hata kwa watoto waliozaliwa simu za waya zimeshakufa, ambao hawakujua neno lenyewe lina maana gani. Alianza kazi kwenye chumba cha simu cha posta akiwa msichana, akatoka na mvi, na mwili wake haukukubali kustaafu. Akikaa kitini, mgongo wima, kama bado amevaa kile chombo cha kusikilizia kichwani. Akizungumza na mtu, anamwacha amalize kabisa ndipo amjibu.

Chumba kile alikuwa nacho chote moyoni. Ubao mrefu wenye matundu, kila tundu na mwenyewe: la daktari, la stesheni, la kiwanda cha sabuni, la mwenye hoteli aliyependa kufoka. Taa ndogo ikiwaka, alichomeka waya na kuuliza, "Namba tafadhali?" Kisha ncha ya pili kwenye tundu la anayetakiwa, na watu wawili wasioonana wakaanza kusalimiana. Kama anayetakiwa yuko mji mwingine, alimwita opereta wa huko, naye akachukua kazi kuanzia hapo. Sheria ilikuwa moja, na msimamizi aliirudia kila asubuhi: wakimaliza, chomoa. Waya usio na maneno hauachwi tunduni, kuna mwingine anaungoja.

Opereta wa mji wa pili alikuwa mwanamke wa rika lake. Hawakuwahi kuonana, lakini waliitana Somo. Asubuhi kabla wateja hawajaamka walijaribu laini.

"Somo, wanisikia?"

"Nakusikia, mpaka chai unayokunywa."

Siku ambazo laini ilikoroma hata sauti isipite, waligonga kwa ukucha kwenye mdomo wa simu, mara mbili, maana yake nipo. Kwenye waya ule walipeana habari za uchumba, wakahesabiana miezi ya mimba, wakacheka mpaka wakakaripiwa. Mume wa Mama Opereta alipofariki, Somo hakupata ruhusa ya kusafiri. Alimwombea mwenzake kwenye laini, sala nzima toka mwanzo hadi amina, taa za wateja zikiwaka ubao mzima, na msimamizi akageuka kutazama dirishani kama hajaona kitu.

Halafu ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe. Chumba kikafungwa, ubao ukauzwa chuma chakavu, Somo akapotea.

Aliyempata alikuwa kitindamimba wa Mama Opereta, fundi wa mitandao, binti anayeshinda amepanda ngazi akivuta kebo kwenye dari za maofisi. Alitafuta huku na kule mtandaoni mpaka akamkuta mjukuu wa Somo. Kumbe Somo alihamia ng'ambo kwa mwanawe. Lakini habari haikuja peke yake. Somo alikuwa na uvimbe kooni, na jioni ya siku ya pili angelazwa apasuliwe. Madaktari walisema kupona atapona, Mungu akijalia. Sauti ndiyo hawakuiahidi.

Wakakubaliana waongee mchana, kabla hajapelekwa hospitali. Mama Opereta alivaa nguo yake ya ibada, akasogeza kiti mbele ya kompyuta na kungoja. Binti akaingia mbio kutoka kazini, akafungua kompyuta: hakuna mtandao. Akatazama kwenye kona. Kisanduku cha intaneti kilikuwa giza tii, waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kitambaa.

"Mama, nani amechomoa hiki?"

"Mimi. Hakukuwa na mtu anayeongea."

Ikabainika kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu kisanduku kiletwe. Kila mara nyumba ikinyamaza, anachomoa, ili mwingine mtaani apate kupita. Binti alishika kichwa. "Mimi nawapigia kampuni nawagombeza, kumbe kampuni nakula nayo meza moja."

Alichomeka. Taa zikaanza kupepesa moja moja, taratibu, na mama akazidi kutazama saa. Ili kumtuliza, binti alimweleza. Siku hizi hakuna waya mmoja wanaoushikilia watu wawili. Maneno ya mtu yanakatwa vipande vidogo, kila kipande kinabandikwa anwani ya kinakokwenda na namba ya zamu yake. Kisanduku kinavikabidhi kwa mtambo wa kampuni, nao unavikabidhi kwa mwingine, mpaka kwenye kebo zilizolazwa chini ya bahari. Kimoja kinaweza kupita huku na mwenzake kule. Vikifika vinapangwa upya, na mtu anasikia neno zima.

"Na anayeijua njia yote ni nani?" mama akauliza.

"Hakuna, mama. Kila mtambo unajua tu ule unaofuata."

"Basi ni kama sisi. Mimi nilimjua Somo, Somo akamjua wa mbele yake." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wa kuchomoa?"

"Hayupo. Vipande vya watu wote vinapita pamoja. Ukiacha wazi humzibii mtu."

Taa zikatulia, simu ikaita. Kwenye kioo akatokea bibi mwenye kilemba cheupe na paji pana la uso. Ndio kwanza Mama Opereta amwone. Mara picha ikaganda, mdomo wazi, na sauti ikaja vipandevipande, "So... wa... kia..." Upande wa pili mtandao ulikuwa mwembamba. Binti akasema picha ni mzigo mzito, wakiizima sauti itapata nafasi. Na huko gari la hospitali lilikuwa limeshafika mlangoni.

Mama Opereta aliutazama uso ule alioutamani tangu usichana.

"Zima," akasema. "Uso nitauona siku nyingine, Mungu akipenda."

Kioo kikawa cheusi.

"Somo, wanisikia?"

Ilikuwa sauti ileile ya Somo, imeingia mikwaruzo tu. Mama Opereta akamjibu:

"Nakusikia, mpaka chai unayokunywa."

"Leo sina chai. Wamenikataza kula."

Wakacheka. Halafu Mama Opereta akafumba macho, akamwombea mwenzake sala nzima, toka mwanzo hadi amina, na mara hii hakukuwa na taa ya mteja iliyowaka.

"Haya, chomoa," Somo akasema. "Wananingoja."

"Siku hizi hatuchomoi, Somo. Nenda tu, nipo."

Somo alipona. Sauti haikurudi. Lakini asubuhi, kabla binti hajatoka na ngazi yake, kompyuta huita, na Mama Opereta hukaa mgongo wima na kikombe chake, akisimulia habari za mtaa. Kila akiuliza kama anasikika, kutoka ng'ambo ya bahari hujibiwa na ukucha, mara mbili. Wakimaliza, anafunika kompyuta kwa kile kitambaa kilichokuwa kikifunga waya. Kisanduku anakiacha kinawaka.